Tone Moja kwa Kila Mkunjo

Kila siku akitoka shule, Tusajigwe alipitia gereji ya baba yake mdogo, Asukile, pale Mwanjelwa, Mbeya. Alifagia, akapanga spana, kisha akakaa juu ya tairi kuukuu na kusoma barua ya mama yake. Alikuwa ameisoma mpaka karatasi ikaanza kuchanika. Mafundi walimtania kwamba sasa anasoma hata stempu.

Mama yake, Paskalina, alikuwa Iringa akisomea uuguzi. Tusajigwe, msichana wa darasa la sita, hakuwa amemwona tangu Januari, na sasa ilikuwa Septemba, mwaka 1978. Siku nyingine alijaribu kuikumbuka sura ya mama, na sura haikuja sawasawa. Hilo lilimtia hofu kuliko kitu chochote. Barua ilisema: “Jumapili ijayo wageni wanaruhusiwa mpaka saa kumi jioni. Jumatatu napelekwa Ludewa kwa mazoezi ya miezi sita. Kama mnaweza, njooni.”

Bahati nzuri, Mzee Taherali, mwenye duka la vitambaa mjini Mbeya, alikuwa na safari ya Iringa Jumapili hiyo hiyo, na Asukile ndiye angemwendesha. Walikubali kumchukua Tusajigwe. Ilibidi waondoke alfajiri, maana miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana.

Gari lenyewe lilikuwa na mambo yake. Mtaalamu mmoja wa Ulaya alimwuzia Mzee Taherali alipomaliza mkataba. Halikuwa na kabureta. Lilikuwa na kilango kidogo kilichosukumwa na hewa iliyoingia, na kilango hicho ndicho kilichopima hewa ili injini ipewe petroli ya kutosha. Machujio yake ya hewa ya karatasi hayakupatikana tena, kwa hiyo mzee aliagiza chujio la kitambaa kutoka Zambia, la kufuliwa na kupakwa oili ili linase vumbi.

Jumamosi asubuhi Asukile alimpa Tusajigwe chujio lililokwisha kufuliwa na kukauka, pamoja na kopo la oili.

“Tone moja kwa kila mkunjo, Tusa. Basi. Ukimaliza niite nilione.”

Tusajigwe alianza vizuri. Kisha akawaza: kama tone moja linanasa vumbi, matone kumi yatalinasa lote, na gari litaruka mpaka Iringa bila kukohoa. Akamimina. Chujio likalowa chepechepe. Akafuta oili iliyochuruzika, akalirudisha chujio kwenye kasha lake haraka.

“Umepaka kama nilivyokwambia?” Asukile aliuliza akiwa chini ya lori.

“Ndiyo, Tata,” alijibu, akimwita baba kwa Kinyakyusa.

Asukile alimwamini. Mchana Mzee Taherali akalichukua gari kwenda Mbalizi, na kutoka hapo akaingia vijijini kwa barabara ya vumbi.

Jumapili waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tusajigwe alikaa nyuma na kikapu cha ndizi za mama mapajani. Walipopita Igawa na kuanza kupanda mlima, gari likaishiwa pumzi, likatoa moshi mweusi, likazimika. Ilikuwa saa mbili.

Asukile alifungua boneti. Alisafisha plagi, akafungua pampu ya petroli, akaifunga, akaifungua tena. Saa tatu ikapita. Saa nne ikapita.

“Chujio je?” aliuliza Mzee Taherali, akijifuta jasho.

“Chujio halina neno, bwana. Tusa alilipaka jana, nami namwamini.”

Maneno hayo yalimchoma Tusajigwe. Alijua sasa. Lakini akisema, mzee si atampandisha basi la kumrudisha Mbeya? Akamwona mama akilini mwake, yuko langoni, akitazama barabara. Akakaza midomo. Karibu saa tano, Asukile alichukua spana kubwa kuanza kufungua injini yenyewe. Tusajigwe akaweka kikapu chini.

“Tata, usifungue. Nilimimina oili nyingi. Nilikudanganya.”

Asukile aliweka spana chini. Alifungua kasha. Oili ilikuwa imevutwa ndani mpaka kwenye kile kilango cha kupimia hewa, vumbi likagandia juu yake, na kilango kilikuwa kizito kama mlango wa ghala. Alikifuta kwa kitambaa chenye petroli, akalikamua chujio na kulipangusa. Dakika ishirini tu. Gari likawaka, likanguruma vizuri.

“Muda wa saa tatu nzima nimebabuka na jua, na wewe kimya!” alifoka Mzee Taherali. Tusajigwe alilia. Mzee akamtazama, akafungua mlango wa nyuma. “Haya panda, panda! Mama yako anangoja.”

Saa nane iliwakuta Mafinga. Polisi alinyoosha mkono, na gari likaegeshwa. Mzee Taherali akabaki nalo kwa rafiki yake. Asukile na Tusajigwe wakapata basi, wakasimama njia nzima. Walifika chuoni dakika kumi kabla ya saa kumi.

Paskalina alikuwa langoni. Alimkumbatia binti yake, akanusa mikono yake. “Unanuka petroli kama baba yako mdogo! Nimesimama hapa tangu saa sita. Mmepatwa na nini?”

Asukile alisogea pembeni. Ingekuwa rahisi kusema gari liliharibika. Lakini Tusajigwe alisimulia yote, huku dakika zake mwenyewe zikiyoyoma.

Mama alimshika mashavu. “Sikiliza, mwanangu. Kosa la oili lilifutwa kwa kitambaa na petroli, dakika ishirini. Uongo ndio uliokula saa zetu. Kosa ukilisema mapema hubaki dogo. Na hili la leo, kuniambia hata muda ukiwa mfupi hivi, nitakwenda nalo Ludewa.”

Kengele ikalia. Mama akachukua kikapu, akaenda, akageuka mara tatu.

Miezi sita ilikuwa mirefu, na Tusajigwe aliisikia yote. Lakini kila Jumamosi chujio la Mzee Taherali lilipoletwa, alilipaka polepole, tone moja kwa kila mkunjo, na sura ya mama ilimjia sawasawa. Alipomaliza, aliweka kopo chini na kuita:

“Tata, njoo uone.”