Unga wa Jabalini

Juu ya jabali, mahali pasipo na nyumba hata moja, mtu alikuwa anatwanga.

"Mnasikia mchi?" Isabela aliuliza.

"Moyo wako huo," Getrude alimcheka. "Umechoka, unatembea kama bibi harusi!"

Walikuwa wasichana wa shule ya misheni, Masasi, katika matembezi ya siku moja na Mwalimu Edmund, mwaka mmoja baada ya Wazungu wa mashamba ya karanga kuondoka Nachingwea. Asubuhi Bibi Stamili alimfungia mjukuu wake Isabela unga wa mtama kwenye kitambaa. "Umwage chini ya jabali kabla ya kupanda. Mlima una mwenyewe." Lakini mbele ya mwalimu Isabela aliona haya. Mdogo wake, Ethel, aliyefuatana nao, alipolia njaa njiani, akampa aurambe wote.

Sasa mchi uligonga chini ya miguu yao, ndani ya jiwe. Harufu ya unga uliolowa ikapanda. Ethel alikuwa ameinamia ufa.

"Dada, kuna mama ananiita nikale."

"Njoo hapa! Usiitike!"

"Nimeshaitika."

Jioni, nyumbani, Bibi Stamili aliuliza, "Unga uliumwaga?"

"Niliumwaga, bibi."

Ethel alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Akajibu kwa sauti nzito ya mwanamke mzima: "Mwongo. Ulimpa huyu."

Bibi Stamili, mzee kuliko wote pale kijijini, akapiga magoti mbele ya mjukuu wake. "Shikamoo," alinong'ona.

"Marahaba."

Kulipopambazuka walimpeleka Ethel jabalini, bibi amemshika mkono mmoja na Isabela mwingine, na njia nzima mkono alioushika Isabela ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni, na kadiri walivyokaribia ndivyo mchi ulivyozidi kugonga, mpaka Isabela akausikia kwenye meno yake, akataka kukimbia, lakini angemwachaje mdogo wake?

Bibi Stamili akamwaga unga mpya chini ya jiwe. "Pokea chako," alisema. "Turudishie mtoto wetu."

Ethel akajichomoa mikononi mwao. Akapiga magoti, akauramba ule unga palepale mchangani, mpaka chembe ya mwisho.

Ndani ya jabali, mchi ukanyamaza.

Ethel akafuta midomo, akaitazama njia ya kurudi kijijini.

"Twendeni nyumbani," ilisema ile sauti nzito. "Bado nina njaa."