Haro ya Meno Matano

Haya yalimkuta rafiki yangu Kashindye wa Mabwerebwere, na hadi leo huyasimulia ameegemea ukuta.

Alinunua springi za lori lililopinduka Mikumi na kuua watu, akazichomelea kuwa haro ya meno matano, ya kuchana udongo nyuma ya trekta lake dogo. Muuza chuma, mzee Mwinshehe, alimwonya: “Chuma kilichoua huoshwa kwanza, mwanangu.”

“Mzee wangu, mvua hainisubiri.”

Jioni ile, alipokuwa akilima kwa haro hiyo, wingu lilitia giza shamba zima. Nyuma yake akasikia kitu kikikwaruza ardhi. Akazima injini. Mkwaruzo haukukoma, ulimpita ubavuni, polepole, ukafifia mbele.

Akawasha tochi. Mifereji mitano iliishia kwenye meno ya haro. Wa sita ulikuwa umelipita trekta, udongo wake mbichi, umenyooka kuelekea nyumbani alikowaacha mkewe na mtoto.