Sheria ya Mara Tisa

Kila Ijumaa baada ya sala, Bi Sayyida huchemsha kahawa nyumbani kwake Bawshar. Conjesta, dada wa kazi kutoka Bukoba, hupanga vikombe, na wajukuu, Muatasim na Noof, huingojea halwa.

Wiki moja Muatasim alikuwa amesoma habari za Ethelberti, mfalme wa Kent huko Uingereza, aliyeishi zamani sana. Katika sheria zake, jino likivunjwa lilikuwa na fidia yake. Sikio nalo, hata ukucha. Aliyemwibia mfalme alirudisha mara tisa. Muatasim akabandika karatasi kwenye friji: "Atakayekula kisicho chake atarudisha mara tisa."

"Mfalme ni nani?" aliuliza Noof.

"Aliyebandika."

"Basi mfalme akatupe taka."

Ijumaa alikuja mgeni, Bi Mahbuba wa Azaiba. Bi Sayyida akafunua bakuli la halwa. Juu ilikuwa laini kabisa, lakini kijiko kilipozama, chini palikuwa shimo.

"Loo! Panya wa hapa wanajua kupiga plasta!" alisema Bi Mahbuba.

"Conjesta ndiye aliyekuwa jikoni," alisema Noof.

"Sikuigusa, mama," Conjesta alijibu, machozi yakimlenga.

Muatasim alimtazama. Asubuhi ile Conjesta alikuwa amempigia pasi kanzu yake bila kuombwa. Akamgeukia bibi yake.

"Bibi, ni mimi. Nilionja, nikaonja tena, kisha nikasawazisha."

"Mara tisa!" Noof alishangilia. "Mabakuli tisa!"

Bi Sayyida alicheka. "Nna hukumu nyepesi. Nyote wawili, mwombeni radhi Conjesta. Kisha wewe, mfalme, mmiminie mgeni kahawa mpaka atikise kikombe kuonyesha ametosheka."

Wakaomba radhi. Muatasim akashika birika. Bi Mahbuba alikunywa, akanyoosha kikombe bila kukitikisa. Akamiminiwa. Akanyoosha tena. Na tena.

"Bibi Mahbuba, tikisa basi! Mkono unaniuma!"

"Sheria ni sheria, mwanangu. Bado viwili."

Cha tisa kilipokwisha, akakitikisa, akishika tumbo. "Mfalme kaadhibiwa, lakini mimi ndiye nitakayekesha leo!"

Muatasim hakuliweka birika chini. Alimimina kikombe kimoja zaidi, akampa Conjesta kwa mkono wa kulia.

"Hicho hakimo kwenye sheria," alisema Noof.

"Ndicho nilichokuwa nakingoja," alisema Bi Sayyida. "Sheria huanza na aliyeitunga, wajukuu zangu. Na ukikosa, sema kweli kabla mwingine hajabebeshwa kosa lako."