Mkanda wa Suhaila

Mkanda wa kupimia presha ulikuwa umejaa upepo. Yumna aliukuta saa saba mchana bwenini, juu ya kitanda cha Suhaila, umejikunja duara kama uliofungwa mkononi mwa mtu, na alipougusa ulikuwa na joto. Ukatoa upepo taratibu, ukalala. Godoro lile halikuwa na mtu tangu Suhaila azikwe kwao Wambaa, na siku hiyo ilikuwa ya thelathini na tisa.

Mabinti hawa wawili walikuwa wakisomea uuguzi, na mambo yao yangechekesha kama yasingekuwa ya kuliza. Asubuhi wodini waliwaasa wazee wapunguze chumvi. Mchana wakala chipsi zilizokolea chumvi wakishushia soda, na zamu ya usiku wakajitia macho kwa makopo ya energi. Kila Alhamisi wanafunzi hupimana presha wenyewe kwa wenyewe na kuandika katika daftari la mazoezi. Karibu wote huandika mia na ishirini kwa themanini, presha ya mtu mwenye afya, wapime wasipime.

Alhamisi moja Yumna alimpima Suhaila kweli. Mia na themanini kwa mia na kumi.

"Shoga, usin'andikie hivo," Suhaila alimnong'oneza. "Wataniondoa wodini, na mtihani ndo huo mlangoni. Andika ya kila siku."

Yumna akaandika ya kila siku. Siku ya tisa Suhaila alianguka bafuni, mshipa wa kichwa umepasuka. Yumna alilia mpaka sauti ikamkauka, lakini daftari hakumwonyesha mtu.

Tangu ule mchana wa mkanda mambo yakazidi. Kila akijilaza baada ya zamu, bweni tupu, alisikia kipira cha mkanda kikiminywa: fus, fus, fus. Kisha ikaja harufu ya kafuri, ile ya maiti, imechanganyika na siki ya chipsi. Siku ya tatu vidole vya baridi vilimshika mkono wa kushoto, akataka kupiga kelele na sauti haikutoka, akataka kusoma Ayatul Kursi na ulimi ukawa mzito, na vile vidole vikazidi kukaza, vikakaza mpaka akayasikia mapigo ya moyo wake mwenyewe yakigonga kichwani, pale pale kwenye maumivu aliyokuwa akiyanyamazisha kwa panadol mwezi mzima.

Akampigia simu bibi yake wa Makangale, Bi Moza, ajuaye kusema na majini. Bi Moza akaja, akafukiza ubani kando ya kile kitanda, akatega sikio kwa muda mrefu. Macho yakamjaa maji.

"Bibi, ni Suhaila?"

"Maiti harudi, mjukuu wangu. Huyu ni karini wake, jini aliyezaliwa naye. Mwenziwe kazikwa, yeye kabaki pweke, na sasa alia."

"Ataka nini? Mbuzi? Haluwa?"

"Hataki kula. Asema, niandikie kweli. Weye ulimwandikia nini mwenzio?"

Yumna akasema yote kwa kwikwi. Akatoa daftari, akaikata ile mia na ishirini, akaandika ya kweli, akampelekea mwalimu wao, Bi Hija, akijua anaweza kufukuzwa. Bi Hija hakumfukuza. Alisoma, akajifunika uso kwa mtandio. Mchana ule bweni likanyamaza, na Yumna akaona yamekwisha, akarudi kwenye makopo yake.

Alhamisi iliyofuata mwanafunzi mwenzake, Mardhiya, alimfunga mkanda mkono wa kulia. Akapima, akapima tena, akamtazama kwa huruma.

"Shoga, iko juu sana. Nikuandikie ya kila siku?"

Yumna aliufikiria mtihani. Akafungua kinywa aseme ndiyo. Harufu ya kafuri ikaja, na kwenye mkono wa kushoto, uliokuwa mtupu, vidole vya baridi vikamkamata, si kwa ukali safari hii, bali kama mtu anayemzuia rafikiye asivuke barabara.

"Andika ulichokiona," akasema, machozi yakimdondoka.

Vidole havikumwachia mpaka Mardhiya alipomaliza kuandika.