Aproni Nyekundu ya Gertrud

Picha ilianza kunuka ziwa. Si rangi, si mafuta. Ziwa, ule uvundo wa majani yaliyooza chini ya gati. Kila asubuhi Hed Marit, Hed likiwa jina la shamba lao, aliifuta, na kila asubuhi aproni nyekundu aliyochorwa nayo ilikuwa mbichi kana kwamba mchoraji ameinua brashi sasa hivi. Nayo ilichorwa Julai. Sasa ni Septemba, ng'ombe wanashuka kutoka malisho ya mlimani.

Pamoja na ng'ombe akashuka mama mkwe, Hed Brita, mwanamke aliyewahi kufukuza mzuka zizini kwa matusi matupu. Akatua jibini zake, akaitazama picha.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Yule bwana wa Stockholm aliniachia hii ndogo. Kubwa kaenda nayo mjini."

"Umevaa nyekundu Julai. Na mdogo wako kazama Juni."

Parokia nzima ya Leksand inajua: ukifiwa na ndugu, aproni ni ya njano mpaka msiba uishe, hata kama inakufanya ufanane na mgonjwa wa ini.

"Rangi katunga mwenyewe," Marit akasema. "Watu wa mjini hao, unawajua."

Hajamaliza uongo, maji yakaanza kudondoka chini ya fremu. To. To.

Mezani, binti yake wa miaka minne, Stina, aliacha kutafuna mkate. "Mama mdogo Gertrud ananiita," akasema. "Anasikia baridi. Anataka aproni yake."

Wakageukia picha, na uso uliokuwa ukitabasamu ulikuwa umevimba, midomo ya buluu, na walipogeuka tena kiti cha mtoto kilikuwa kitupu na nyayo za maji zilitoka mlangoni, za mtu mzima upande mmoja na za mtoto upande wa pili, zikateremka kati ya maghala, zikapita mashua ya kwendea kanisani, zikafika gatini, ambako Brita, kwa magoti yake mabovu, alimdaka Stina kwa nywele maji yakiwa yamemfika kidevuni.

"Sasa sema," Brita alimwambia Marit akihema. "Au nikuzamishe mimi."

"Mchoraji alisema njano inafanana na maziwa yaliyochacha," Marit alinong'ona. "Nikaivua. Yangu nyekundu ilikuwa imechanika, nikavaa ya Gertrud. Akaniambia nitabasamu, nikatabasamu. Siku ya ishirini tu tangu tumzike, mama!"

"Ulijiona mzuri?"

"Nilijiona mzuri."

"Basi hilo hilo ukaliseme."

Jumapili alilisema, langoni pa kanisa, amevaa njano, mbele ya watu waliomzika Gertrud. Hakuna aliyemshika mkono. Kisha Brita aliifunga ile aproni nyekundu ya Gertrud kwenye jiwe, akaitupa ziwani. "Chukua chako, binti. Mtoto tuachie." Picha ikakauka siku ileile.

Karibu na Krismasi ikaja barua ya mchoraji, mchungaji akawasomea. Bwana alilalamika. Picha kubwa aliipaka nyekundu mara tatu, na mara tatu asubuhi aproni ilikuwa njano.

"Tena anauliza," mchungaji akasita, "huyu mwanamke wa pili ni nani? Amesimama nyuma yako, kavaa aproni nyekundu, nywele zinachuruzika, mkono begani pako. Anaapa si yeye aliyemchora."

Marit akajipapasa bega.

Lilikuwa limelowa.