Ukoka Ulioungua

Kila asubuhi wazazi walibisha mlango wa Mlezi mmoja baada ya mwingine. Huyu alileta mtoto na chupa ya uji. Yule alileta mtoto mwenye kiatu kimoja. "Cha pili kitafuata," alisema, akakimbilia kazini.

Watu walimwita Mlezi kwa sababu ya kazi yake. Alilea watoto wadogo nyumbani kwake mchana kutwa. Kazi hiyo aliipenda kupita kiasi. Sasa ilikuwa hatarini.

Afisa wa ustawi alikuja kukagua. Alisifu jikoni, akasifu choo. Kisha akatoka uani. Ukoka ulikuwa wa manjano, umenyauka. Katikati palikuwa na vumbi tupu na changarawe.

"Mama, watoto hawawezi kucheza hapa," alisema. "Nitarudi mwisho wa mwezi. Nikikuta uwanja uko hivi hivi, nitafunga kituo chako."

Jioni Mlezi alimweleza mumewe.

Mumewe alipika katika kantini ya kiwanda. Wote walimwita Mpishi, hata mama yake mzazi. Chumvi hakuwahi kuipima maishani mwake. "Mkono wangu ndio mizani," alijigamba. Na kweli, chakula chake hakikuwa na kasoro.

"Mke wangu, usihangaike," alimwambia Mlezi. "Nyasi hizi zina njaa tu. Niachie mimi."

Akanunua mbolea ya urea, yenye punje nyeupe. Akaichota kwa mkono, akairusha kama mtu anayekoleza mchuzi. Siku mbili zikapita. Hakuna kilichobadilika.

"Bado haijakolea," alisema, akaongeza. Kesho yake akaongeza tena, mchana, jua likiwaka, mpaka mfuko ukaisha. Maji hakutia hata tone.

Mlezi aliona, akamwachia. Alidhani mwenzake anajua anachofanya.

Haikupita wiki, ukoka wote ukawa wa kahawia. Ukiushika, ulikatikia mkononi.

"Umeniunguzia kazi yangu!" Mlezi alifoka.

Mpishi alifungua mdomo ili ajibu, lakini mkewe hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akitazama uani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kibonge, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa amechuchumaa kwenye nyasi. Ngumi yake ilijaa punje nyeupe. Alidhani ni sukari. Mkono ulikuwa unakwenda mdomoni.

"Kibonge!"

Mlezi hakujua alifikaje pale. Aliushika ule mkono, akaukung'uta. Punje chache zilikuwa zimeshika kwenye mdomo wa mtoto. Mlezi akataka kumtia kidole kooni.

"Usimtapishe!"

Aliyesema hivyo ni jirani yao. Alisikia kelele, akaingia getini mbio. Mwanamke huyo alitunza nyasi za uwanja wa mpira, na watu walimwita Dada Uwanja.

"Mtoe punje mdomoni. Msukutulishe kwa maji safi, mnawishe mikono. Halafu mpelekeni zahanati sasa hivi. Bebeni na mfuko, waone ni kitu gani."

Huko zahanati muuguzi alisoma maandishi ya mfuko, akampima mtoto, akawaambia wasubiri. Walisubiri roho mkononi. Mwishowe muuguzi akatabasamu. "Hajameza. Mrudisheni nyumbani, lakini mumwangalie."

Jioni Mlezi alimweleza fundi cherehani kila kitu. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Akambeba mwanawe, akaondoka bila kuaga. Kesho yake Kibonge hakuletwa. Mlezi alilia jikoni, kimya kimya, watoto wengine wasimsikie.

Dada Uwanja alirudi siku hiyo. Alimkuta Mpishi amesimama uani, ameinamisha kichwa.

"Shemeji, ulitia kiasi gani?"

"Mfuko mzima. Kilo tano."

"Tano! Ua mdogo hivi, nusu kilo ingetosha. Mbolea ikizidi hukausha mizizi. Jua likiongezea, ndiyo haya. Na huu si mchuzi, useme utaonja kisha uongeze."

"Sasa nifanyeje? Maji yakimwagika hayazoleki."

"Maji ndiyo, shemeji. Mbolea inazoleka. Lete fagio!"

Mpishi alicheka bila kupenda. Mlezi hakucheka. "Dada," alisema, "niambie ukweli. Ukoka umekufa wote?"

Dada Uwanja alichimbua udongo kwa kidole. Akavuta shina moja linalotambaa, akalikata kwa kucha. Likavunjika kavu. Akavuta la pili. Nalo kavu. Mlezi alifumba macho.

"Tazama hili," alisema Dada Uwanja. Ndani ya shina la tatu palikuwa peupe, pabichi. "Huu ungali hai. Tuuokoe."

Walifagia punje zilizobaki. Waliokota changarawe. Kisha kila asubuhi na jioni walimwagilia polepole, maji yazame chini na yasikimbilie mtaroni. Palipokufa kabisa, walipandikiza vipande vya ukoka alivyoleta Dada Uwanja. Watoto walicheza ndani, mlango wa nyuma umefungwa.

"Mbolea msiguse mpaka ukoka ustawi," jirani alisisitiza. "Siku ikifika, someni maelezo ya mfuko. Pimeni ua, pimeni na mbolea. Tieni jioni, majani yakiwa makavu. Nusu mwageni mkienda kwa urefu, nusu mkikatiza kwa upana, isirundikane. Mwagilieni papo hapo. Watoto wasikanyage mpaka punje ziyeyuke zote na majani yakauke. Mfuko ukae juu, kabatini, na kufuli."

Mwisho wa mwezi afisa alirudi. Machipukizi yalikuwa yameota, ya kijani, mafupi. Lakini pembeni palibaki doa la kahawia.

"Hapa pana nini?" aliuliza.

Mlezi alilisogelea lile doa. Angeweza kusema ni jua. Alimtazama mumewe, aliyekuwa mlangoni pa jikoni, akavuta pumzi.

"Tulipaunguza kwa mbolea," alisema. "Na mtoto mmoja alizitia punje mdomoni. Hakumeza, lakini kosa ni letu. Mbolea ikinunuliwa tena itakaa kabatini, na ufunguo ninao mimi."

"Na mkitia tena?"

Mpishi alitoka jikoni amekumbatia mizani mpya. "Nitapima," alisema. "Mkono wangu nimeustaafisha."

Afisa hakucheka. Alitazama ua wote. Kisha akatoa kibali mkobani, akakitia sahihi.

"Habari za mtoto huyo nilikuwa nazo," alisema. "Mama yake alikuja ofisini kwangu. Nyasi zitaota tu. Nilitaka kujua kama utanificha. Ungenificha, leo ningefunga."

Mlezi alikipokea kibali kwa mikono miwili.

Asubuhi iliyofuata mlango ulibishwa mapema kuliko siku zote. Mlezi alifungua. Alikuwa fundi cherehani, amemshika Kibonge mkono.

"Nimesikia hukumficha afisa. Na huyu kila siku anakulilia," alisema mama yule. "Mpokee."