Matanga ya Uhembe

Katika zama za vita vya rugaruga, wale askari wa kukodiwa walioila nchi hata isipate mwaka wa kuvuna kwa amani, aliishi Uhembe, nchi ya Wanyamwezi, mfua chuma mmoja wa Kifipa, jina lake Kapufi. Alifika akiwa kijana wa miaka kumi na sita, kwao kumechomwa moto, hana kitu ila mivukuto ya marehemu baba yake. Mtemi Mihambo alimpokea vizuri. Alimpa nyumba, akamvika kaniki mpya, akamwoza Kalunde. Kisha akampa na amri: asitoke nje ya boma la magogo maisha yake yote, maana fundi wa mikuki akitoka leo, kesho atawafulia maadui. Ndiyo heshima ya wakubwa hiyo, wakulishe nyama wakunyime njia. Kapufi alikaa humo miaka kumi na minne, na hakuna siku hata moja aliyoipenda amri ile.

Ndipo Kisonta alipokuja na rugaruga wake, vilemba vyekundu vichwani na magobore mabegani, wakaizingira Uhembe na kuikalia chemchemi. Siku ya tano watoto walikuwa wakilamba umande kwenye magogo. Siku ya sita Mihambo, aliyekuwa amepigwa risasi ya paja, akakata roho.

Mnyampara Lubinza, mkuu wa baraza, akamwita Kapufi uani.

"Fundi, rudi kiwandani ugonge fuawe mchana kutwa. Wakisikia nyundo watadhani mtemi yu hai."

"Na maiti ataoshwa na nani, mzee wangu?"

Wafipa na Wanyamwezi walipigana zamani za mababu, na vita vile vilipopoa vikazaa utani. Mtani ndiye aoshaye maiti, ndiye azikaye, ndiye anyoaye wafiwa nywele siku ya kumaliza matanga. Na Mfipa katika Uhembe alikuwa mmoja tu.

"Maji hatuna," alisema Kapufi. "Niacheni nikayaombe kwa Kisonta. Naye ni Mnyamwezi, mtani wangu vilevile. Mtani aliye msibani haguswi."

"Utatutoroka."

"Mke wangu na binti yangu Nyamizi wamo humu."

"Basi watabaki humu humu," alisema Lubinza, akaamuru lango lifunguliwe.

Kapufi alitoka jua likiwa la utosi, amejipaka majivu, kichwani mtungi mtupu. Akapaza sauti kuwa yeye ni Mfipa, mtani wao. Kisonta alikuwa ameketi kigodani akitafuna karanga.

"Mfipa, umekonda kama mpini!"

"Nimekonda kwa kungoja kifo chako, nikuzike nile ng'ombe wako."

Kambi nzima ikaangua kicheko. Kisonta alipoyaona majivu, akaacha kutafuna.

"Nani amekufa?"

"Mihambo."

Rugaruga wakashangilia, Kisonta akawanyamazisha. Hata muuaji huogopa laana ya mtani.

"Omba basi. Mtani msibani hanyimwi, wala haombi mara mbili."

Njia ya kwenda Ufipa ilionekana pale pale, ikipanda kilima. Angesema, "Nipe mke wangu, binti yangu na njia," angepewa. Neno lilimfika ulimini. Akawakumbuka watoto wa jirani midomo ikiwapasuka, akaona aibu.

"Naomba maji, na vita visimame mpaka nitakapowanyoa wafiwa."

Kisonta alicheka. Kwani matanga ni siku ngapi? Saba, kumi, hata zikizidi. Akakanyaga mkuki wake mbele ya watu wote, akaapa. Hakujua kuwa kamba aliyoshika ni ya kujifungia mwenyewe.

Kapufi alimwosha Mihambo, akamzika. Siku ya saba ikapita, hakunyoa. Ya kumi ikapita, hakunyoa. Mwezi ulipoandama, Kisonta alipaza sauti toka chemchemini.

"Mtani, wembe umepotea?"

"Bado naunoa!"

Rugaruga wakamaliza chakula cha nchi nzima, mvua zikawanyeshea, wakaanza kutoroka mmoja mmoja kwenda kulima. Mwishowe Kisonta naye akaondoka huku akitukana. Lakini kiapo kilibaki, na Kapufi akabaki nacho. Akinyoa, matanga yamekwisha na vita vinarudi. Akiondoka, matanga hayana mwenyewe, na vita vinarudi vilevile. Lubinza hakuhitaji tena kumwekea mlinzi. Siku nyingine fundi yule alilia kwa hasira mbele ya fuawe, na hakujificha.

Basi Uhembe wakafuga nywele hata mabegani, wageni wakawacheka, na vita vikawapita kando. Kapufi akaacha mikuki akafua majembe, na mikono ilipochoka akafuga nyuki.

Ulipofika mwaka wa thelathini na nane wa matanga hayo, mtoto wa Kisonta alikuja bila silaha. "Baba amefariki, na aliusia asioshwe na mtani mwingine ila wewe."

Kapufi akaenda, akamwosha, akamzika. Kutoka pale Ufipa ni mwendo wa siku sita, na duniani hapakuwa tena na mtu wa kumzuia. Uhembe hawakutazamia kumwona tena. Siku ya tisa akarudi, na kwa kuwa mwenye vita amekufa, akawakalisha uani awanyoe, akaanza na Kalunde, ambaye nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

"Baba Nyamizi, njia uliipata. Mbona hukwenda kwenu?"

"Nilifika njia panda, nikakaa pale kutwa nzima nikitafuta jina la mtu wa kumbishia hodi kule. Sikulipata hata moja."

Akauinua wembe.

"Inama, mke wangu, nisije nikakukata."